Pampu ya Bwawa Ilivyokuwa Ikitumalizia Uniti

Leo hatuna mapishi wala habari za ngozi. Tunataka tuzungumze umeme, tena ule unaoliwa na pampu ya bwawa la kuogelea la nyumbani. Tunajua wapo watakaosema bwawa ni mambo ya matajiri, na watapita. Msipite kwanza. Hapa kisiwani siku hizi kuna nyumba zenye bwawa ambazo wenyewe si matajiri hata kidogo: nyumba za urithi, nyumba ambazo kaka aliyeko Uarabuni amejenga akamwachia mama aziangalie, nyumba zinazopangishwa wageni ili ada za skuli zipatikane. Wanaobaki nazo mara nyingi ni wanawake, na wao ndio wanaosimama mbele ya mita ya tukuza kila baada ya siku chache kubonyeza namba.

Nyumba yetu iko upande wa Bububu. Marehemu baba yetu, Mungu amrehemu, alilichimba bwawa mwaka 2013, na sababu yake haikuwa fahari. Asili yetu ni Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea huko, na machozi hayajakauka, Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Nyumba yetu iliguswa. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba binti zake na wajukuu zake watajua kuogelea, na watajifunzia ndani ya ukuta pasipo na wa kuwatizama. Kwamba kuogelea peke yake hakumwokoi mtu kwenye bahari iliyochafuka usiku, hilo alilijua vilevile. Alisema afadhali nusu ya salama kuliko hakuna.

Tokea hapo kila Jumamosi baada ya Alasiri mlango mkubwa unafungwa, wanaume wanatoka, na wanakuja majirani, mawifi, watoto wa skuli na bibi zao. Mdogo wetu ndiye anayefundisha. Wapo wanawake wa makamo waliozaliwa hatua mia kutoka baharini ambao mara ya kwanza maji kuwafika kifuani ilikuwa ni humu ndani.

Baba alipofariki, gharama zilibaki kwetu: sisi ndugu watatu na Bi Mkubwa, mama yetu. Ami yetu, mdogo wake baba, akaja siku moja kukaa na sisi kitako. Alikuwa ameona risiti za tukuza juu ya friji na amezijumlisha mwenyewe kwa kalamu.

"Wanangu," akatwambia, "bwawa hili linakula kuliko nyinyi nyote. Tulifukie tupande ndimu."

Bi Mkubwa hakujibu. Akainuka akaenda kutia maji birika. Sisi tukamwambia, "Ami, shikamoo tena. Tupe mwezi mmoja. Ukisha, ukiona bado linakula, mchanga tutaleta wenyewe." Akakubali, kwa sharti kwamba hesabu atazitizama yeye.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kujua bwawa linakula kiasi gani hasa, maana kwenye risiti kila kitu kimechanganyika: friji, pasi, feni, pampu ya kisima, taa za nje. Kuna njia nyepesi na haihitaji fundi. Tulizima kila kitu ndani ya nyumba, tukaandika uniti zilizobaki kwenye mita, tukawasha pampu ya bwawa peke yake kwa muda wa saa moja kamili, kisha tukasoma tena. Zilikuwa zimekwenda uniti 1.1. Kibandiko cha pampu nacho kinasema hivyohivyo. Ukitazama kibandiko mara nyingi utaona nguvu mbili zimeandikwa, P1 na P2. P2 ni ile inayofika kwenye mhimili wa pampu, na wauzaji wanaipenda kwa sababu ni ndogo. P1 ndiyo inayotoka kwenye waya wako na ndiyo unayoilipia. Yetu ni P2 kilowati 0.75, yaani farasi mmoja, na P1 kilowati 1.1.

Sasa pigeni hesabu. Aliyelifunga bwawa wakati ule aliiunganisha pampu moja kwa moja, bila ya taima, iende usiku na mchana, na ndivyo ilivyoendelea miaka yote. Uniti 1.1 mara saa 24 ni uniti 26.4 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 792. Friji letu linakula kama uniti moja kwa siku. Kwa hiyo kule nyuma ya nyumba, kwenye kijumba cha bati, palikuwa na friji ishirini na sita zinanguruma na hakuna anayezisikia kwa sababu ya upepo.

Bi Mkubwa alipoambiwa hizo hesabu alisema neno moja tu: israfu. Tulisomeshwa chuoni tukiwa wadogo kwamba israfu ni israfu hata mtu akiwa anatia udhu ukingoni mwa mto unaopita. Umeme si mto. Wa kwetu unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na tuliokuwa watu wazima mwaka 2008 tunakumbuka ulipokatika kwa kiasi cha mwezi mzima, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu ya ndoo na vibatari. Mtu aliyepita humo anapaswa kuona haya kidogo kuuchezea.

Basi kwa nini pampu isizimwe tu? Hili ndilo swali aliloliuliza Ami, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba maji yaliyosimama kwenye jua letu hayakai siku tatu bila ya kuanza kijani, na mbu hawangoji mwaliko. Pampu inafanya kazi mbili. Inayapitisha maji kwenye filta ya mchanga ili uchafu ubaki humo, na inaisambaza klorini ifike kila kona. Ikisimama kabisa, klorini inaliwa na jua pale juu na chini hakuna kitu. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kutafuta kiasi: maji yapite mara ngapi kwa siku, na yapite kwa bei gani.

Bwawa letu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha wastani wa mita 1.4. Ukizidisha unapata kiasi cha mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Fundi wetu alitizama geji na jedwali la pampu akakadiria inasukuma lita 12,000 kwa saa. Maana yake maji yote yanapita kwenye filta kwa muda usiofika saa nne. Kawaida ya mabwawa ya nyumbani ni maji yote kupita mara moja kwa siku, na mara mbili wakati wa joto au watu wakiwa wengi. Kwa saa 24 yetu yalikuwa yakipita zaidi ya mara sita. Ni sawa na kuuosha mchele mara sita wakati mara mbili umekwisha takata.

Tulinunua taima, ile ya duara yenye vijino vidogo unavyovisukuma pembeni, kila kijino robo saa. Hapa tunasema kwa msisitizo: msifunge wenyewe. Pampu inapoanza inavuta umeme kwa kishindo kuliko inapokwenda, na taima za bei nafuu huungua midomo. Fundi alitia kontakta, ili taima iamrishe tu na kontakta ndiyo ibebe mzigo. Tukamwomba aangalie na waya wa ardhi, na swichi ya kinga ile inayokata umeme haraka mtu akipigwa, ya miliampea 30. Ilikuwepo, lakini kitufe chake cha kujaribia kilikuwa hakibonyezeki tena kwa kutu. Ikabadilishwa. Hiyo haikupunguza uniti hata moja, lakini kina mama wanaoingia humo Jumamosi na watoto mgongoni hawajui habari za kutu, na hawatakiwi wazijue.

Tulianza na saa nane kwa siku. Wiki ya pili tukashuka hadi sita. Maji yakabaki vilevile, unaona sarafu chini kabisa. Wiki ya tatu tukajaribu saa nne, na siku ya tatu yakaanza ukungu, kama maji ya mchele wa mara ya kwanza. Tukarudi sita. Bwawa la mtu mwingine litakuwa na kiasi chake: lililo chini ya mwembe si sawa na lililo uwanda mtupu. Njia ni hiyo ya kushuka kidogo kidogo na kutazama maji, huku unapima klorini na ukali wa maji kwa kile kikopo cha rangi. Klorini iwe baina ya 1 na 3, na pH baina ya 7.2 na 7.6. pH ikipanda juu, klorini inakuwepo lakini inakuwa mvivu, na mtu asiyepima atadhani pampu haitoshi akaongeza saa bure.

Saa zetu sita tumezigawa. Tatu ni za asubuhi, kuanzia saa 2 hadi saa 5, kwa sababu upepo wa usiku unaangusha majani na pampu inayavuta kwenye kile kikapu cha ukingoni kabla hayajazama. Mbili ni za alasiri, saa 9 hadi saa 11, wakati wa kuogelea. Moja ni ya usiku, saa 1 hadi saa 2, tukishatia klorini. Ukitia klorini mchana wa jua kali umelilisha jua. Itieni magharibi, iwe na usiku mzima wa kufanya kazi.

Kuna kero moja ya taima ya vijino. Umeme ukikatika nayo inasimama, na ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo saa yake inachelewa. Sisi kipimo chetu ni adhana. Pampu inatakiwa iwe kimya tokea saa 5. Ikiwa Adhuhuri inaadhiniwa na kule nyuma bado kunanguruma, tunajua umeme ulikatika usiku tukiwa tumelala, na mtoto mmoja anatumwa kwenda kuizungusha ile duara. Zipo taima zenye betri ndani ambazo hazipotei, ghali kidogo. Kwa umeme wa kwetu tungeanza upya tungechukua hiyo.

Sasa tufike kwenye filta, ambako tulijifunza jambo ambalo hata baadhi ya mafundi wanalieleza kinyume. Watu husema filta ikiziba pampu inahangaika na inakula umeme zaidi. Kwa pampu za namna hii sivyo. Filta ikiziba maji yanayopita yanakuwa machache, na pampu inaweza hata kula pungufu kidogo. Hasara iko kwengine: unalipa karibu pesa ileile ya saa moja, lakini badala ya lita 12,000 zimepita 7,000 au 8,000. Ili maji yatakate unaongeza saa, na hapo ndipo uniti zinapokwenda. Kwa hiyo tizameni geji iliyo juu ya filta. Ikiwa safi ya kwetu inasoma 0.7. Ikifika 1.2 tunaiosha kwa kurudisha maji kinyumenyume, dakika mbili au tatu mpaka kile kioo kidogo kiwe cheupe. Kuosha mara kwa mara kuliko hivyo nako si ustadi, maana dakika tatu ni kiasi cha lita 600 za maji ya kisima. Sisi tunayapokea kwenye tangi kuukuu, yanakaa siku kadhaa wazi mpaka klorini iondoke, kisha yanakwenda kwenye minazi.

Na kikapu cha pampu chenyewe, kile cha chini ya kifuniko cha kioo, mkitoe kila siku mbili. Nywele, wapenzi. Nywele na nyuzi. Hapa lazima tuzungumze baina yetu wanawake, kwa sababu nusu ya kazi ya pampu yetu ilikuwa inatoka miilini mwetu.

Mtu anakuja Jumamosi amepaka mafuta ya nazi kichwani, amejisinga liwa kwa ajili ya harusi ya usiku, amevaa dera la pamba lililofuliwa mara mia. Anaingia majini. Mafuta yanaelea na kuganda ukingoni, liwa inakwenda moja kwa moja kwenye mchanga wa filta, dera linamwaga nyuzi kama paka anayebadilisha manyoya, na klorini inatumika yote kupigana na vitu ambavyo ndoo moja ya maji ingevimaliza. Jumapili asubuhi geji ilikuwa inasoma juu, na pampu ingehitaji kwenda siku nzima kurudisha maji yalivyokuwa.

Tuliweka bomba la kuogea pale mlangoni kwa ndani, na pazia. Anayeingia anaoga kwanza kwa sabuni, kichwa pia. Tulidhani watakasirika, maana kumwambia mgeni akaoge si jambo jepesi kwa adabu zetu. Bi Mkubwa ndiye aliyeokoa. Siku ya kwanza alitangulia yeye mwenyewe, na miaka yake sabini na kitu, akatoka chini ya bomba na kusema, "Bismillahi, nani anafuata?" Nani atakataa? Mavazi tumeomba yawe ya kitambaa kile cha kuogelea, kirefu chenye kufunika, ambacho hakimwagi nyuzi, na kofia ya kichwani. Asiye nacho tunacho cha kumuazima, wifi yetu ni mshoni. Na juu ya kikapu cha ukingoni tunavalisha soksi nyembamba ya nailoni, zile ndefu za kike. Inakamata nywele ndogo na vumbi ambalo kikapu kinaliachia. Soksi moja tunaifua mara tatu nne mpaka ichanike. Tokea tufanye hivyo filta tunaiosha mara moja kwa wiki mbili badala ya mara mbili kwa wiki.

Mwezi wa Ramadhani tuligundua upande wa pili wa jambo hilohilo. Hakuna aliyeingia majini, na zile saa nne ambazo awali hazikutosha zikatosha bila ya ukungu wowote. Kumbe kiasi cha pampu kinafuata watu kuliko kinavyofuata joto.

Ami alikuja mwisho wa mwezi aliotupa, kabla ya Alasiri, na miwani yake na kalamu yake. Tulikuwa tumeandika kila siku kwenye daftari la mtoto. Saa nane za wiki ya kwanza, sita za wiki ya pili, nne, kisha sita tena. Kwa kiwango cha saa sita inakuwa uniti 6.6 kwa siku, 198 kwa mwezi. Akaandika 792, chini yake 198, akapiga mstari. Akatizama kwa muda. "Hii ni robo," akasema. Tukamwambia ndiyo Ami, ni robo. Akauliza kama maji yako vipi, tukampeleka akayaone. Alisimama pale ukingoni kimya, na sisi hatukumsemesha, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda Nungwi mwaka 2011 kutafuta watu wetu kwenye ile mistari ya walioletwa kutoka baharini. Kisha akasema wajukuu zake wawili wa kike wanakaa Fuoni na hawajui kuogelea, je Jumamosi kuna nafasi?

Hayo ya ndimu hayajazungumzwa tena.

Lakini bado robo hiyo ni pesa, na tunataka kushuka zaidi. Fundi ametueleza habari ya pampu za kasi ya kubadilika, ambazo Marekani tokea Julai 2021 sheria ya viwango imezifanya kuwa ndizo za kawaida kwa mabwawa mengi ya kuchimbwa. Siri yake yeyote aliyekwenda kwenye mwani pwani ya kusini anaijua kwa miguu. Ukitembea polepole kwenye maji yaliyokufika magotini unakwenda hata saa nzima bila ya kuchoka. Jaribu kukimbia humohumo: hatua ishirini tu pumzi imekwisha. Maji hayachukii kupitwa, yanachukia haraka. Kwenye mabomba ni hivyohivyo, na hesabu yake inashangaza. Ukipunguza mwendo wa pampu kwa nusu, maji yanayopita yanapungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika inashuka mpaka sehemu moja ya nane. Utaiacha iende muda mara mbili ili maji yapite yaleyale, na bado umetumia robo ya umeme. Kwa vitendo haifiki robo kamili, maana mota na vyombo vyake vina upotevu wao. Kwa bwawa letu fundi anakadiria uniti baina ya 2 na 3 kwa siku badala ya 6.6, iende saa 12 kimyakimya. Na maji yakipita polepole filta inakamata vizuri zaidi.

Angalieni hapa, msije mkachanganya na pampu ya kisima. Bwawa maji yanatoka na kurudi usawa uleule, pampu inashindana na msuguano wa mabomba tu. Pampu ya kisima inanyanyua maji mpaka kwenye tangi juu ya paa. Ukiipunguza mwendo kupita kiasi maji yatapanda nusu ya njia na kusimama hapo, na pampu itazunguka bure mpaka iungue. Jirani mmoja aliuziwa kifaa cha kupunguza mwendo cha pampu ya kisima kwa maneno matamu. Sasa kinashikilia mlango usifungwe na upepo.

Kwa wanaojenga sasa hivi, au wanaofuatiliwa na kaka zao kwa simu kutoka Maskati waseme wanataka bomba la ukubwa gani, semeni bomba pana na viwiko vichache. Bomba la inchi 2 badala ya inchi moja na nusu halizidi sana kwa bei wakati mtaro uko wazi. Pampu ifungwe karibu na bwawa, na ikiwezekana chini ya usawa wa maji. Kwetu baba aliificha mbali ili kelele isimsumbue Bi Mkubwa, na mabomba yanapinda mara saba kabla hayajafika. Kila pindo linalipiwa. Hatutavunja saruji kwa ajili hiyo, lakini nanyi msifuate mfano.

Umeme wa jua umetajwa pia, na pampu ya bwawa ni katika vitu vinavyofaa zaidi kwa jua, kwa sababu kazi yake nyingi ni ya mchana na haidai betri. Pampu ya farasi mmoja iliyo kwenye mwendo mkubwa ingetaka paneli nyingi. Ile ya polepole ingetaka chache tu. Kwa hiyo mpangilio wetu ni pampu kwanza, paneli baadaye. Anayeanza na paneli ananunua jua la kulisha israfu.

Bei ya pampu hiyo ni zaidi ya mara mbili ya hii ya kawaida, na hatuna pesa hizo zimekaa. Tumeziingiza kwenye kibati cha mtaa, na zamu yetu ni mwezi wa Rajabu, inshaallah. Pampu ya baba imeanza kupiga kelele ya beringi asubuhi kukiwa na baridi ya kipupwe, na fundi amesema itafika, lakini si kwa kuapa. Jumamosi iliyopita walikuwa watu kumi na saba, pamoja na wajukuu wa Ami. Mkubwa wao ameshaelea bila ya kushikwa. Tumeongeza nusu saa usiku kwa siku hizo za Jumamosi, na daftari tunaendelea kuliandika.